Dawa ya kufunga boma

Wiki ya Krismasi, mtaa wetu wa Shirere huamka mapema. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi huwashusha watu mjini Kakamega kabla jua halijachomoza, bodaboda hugombania mizigo yao, na kufikia saa tatu asubuhi kibanda cha mzee wa manyasi, yaani dawa za mitishamba, kimeshapata wateja. Ni mabati manne na meza moja. Juu ya meza kuna mukombero, mizizi yenye harufu tamu ambayo wanaume wa huku hutafuna wakipiga soga njiani. Kuna magome ya mwiritsa, yanayochemshwa na wazee wasumbuliwao na mkojo, na mikebe ya ugoro. Chini ya meza kuna mfuko uliofungwa kamba. Vilivyomo humo havitajwi kwa sauti.

Vijana wa mtaa hukiita kibanda hicho duka la uchawi. Jina hilo humuudhi mzee, na ana haki. Kwa Waluhya, anayedhuru watu ni omulosi. Anayeagua na kutibu ni omufumu. Kumwita huyu kwa jina la yule ni kumtukana. Günter Wagner, mtafiti Mjerumani aliyeishi miongoni mwa Walogoli na Wabukusu katika miaka ya 1930, aliandika kurasa nyingi kuhusu tofauti hiyo, lakini hapa Shirere hata mtoto wa shule anaweza kukueleza.

Nilichotaka kujua ni kwa nini biashara yake hupamba moto wiki hii. Huko Ulaya, giza la Desemba lina sababu yake: tarehe 21 usiku ndio mrefu kuliko zote katika mwaka, na London haipati hata saa nane za mwanga. Watu huwasha mishumaa, wengine hukusanyika Stonehenge kulisubiri jua. Lakini sisi tumekaa karibu kabisa na ikweta. Kakamega, siku ndefu na siku fupi hazipishani hata dakika tano. Jua huzama kama saa moja kasorobo, Juni na Desemba.

Giza letu la Desemba, basi, halitoki angani. Huja na watu. Aliyekaa mjini miezi kumi na moja anarudi na suti, na gari la kukodi, na ramani ya nyumba anayotaka kujenga. Ndugu aliyebaki akilima anamtazama. Hakuna aliyesema neno baya, ila mgeni anaanza kukumbuka ng'ombe aliyekufa, mimba iliyoharibika, binamu aliyejenga na asilale humo hata mwezi. Hapo ndipo anaposhika njia ya kuja kwenye meza hii kutafuta kinga.

Nilimwona mmoja. Kijana wa miaka thelathini hivi, viatu bado vina vumbi la safari. Alisalimia kwa heshima anayopewa babu, akainama.

"Kuka, nataka ya kufunga boma."

"Unamwogopa nani?"

Kijana alikaa kimya kitambo. "Senge," akasema.

Dada ya babake. Mjane, kwa maelezo yake, anayeishi peke yake kando ya shamba ambapo kijana anataka kujenga. Mzee hakuuliza zaidi. Alifungua mfuko, akatoa kifurushi cha gazeti, akaeleza kwa sauti ya chini pembe nne za kukizika.

Niliingiwa na baridi. Mimi simchukii mzee huyu. Dawa zake za tumbo zimenifaa, na mizizi anayouza inatoka katika elimu ya msitu wa Kakamega ambayo hakuna chuo kilichoimaliza. Pembezoni mwa msitu huo, wakulima wa kundi la Muliru hupanda mwonyi na kutengeneza dawa ya kuchua ya Naturub; waliheshimiwa kwa Tuzo ya Ikweta mwaka 2010. Hiyo ni omufumu akitembea mchana. Lakini kile kifurushi cha gazeti kilikuwa na jina la mwanamke mzee ndani yake. Mei 2008 huko Kisii, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, Kisii hukohuko, Marani, wakauawa bibi wanne. Kilifi, wazee wanaotishwa na watoto wao wenyewe hukimbilia hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1925, inamtia hatiani hata anayemwita mwenzake mchawi. Ila sheria haiwezi kusikia mnong'ono wa kibandani, na wote hao walinong'onwa kwanza.

Nilitaka kumwambia kijana hayo yote. Alikuwa ameshalipa, kifurushi kiko mfukoni. Akageuka kuondoka, kisha akarudi.

"Na ugoro, Kuka. Ule mkali."

"Wa nani?"

"Wa senge. Hakosi kuniuliza."

Mzee alipima vijiko viwili kwenye karatasi, akamtazama, akaongeza cha tatu bila malipo.

"Mpelekee leo," alisema. "Ukae naye mpaka jua litue."