Je, Wajua? Songambele, Kigali na Chembe Inayotafutiwa Ndugu

Je, wajua kuwa Kyerwa, Tanzania, iliko Songambele, ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, mwaka uleule chembe ya Higgs ilipotangazwa? Tangazo lilitoka Julai 4 huko CERN, Geneva, kwenye mashine ya kugonganisha protoni yenye mzingo wa kilomita 27 chini ya ardhi.

Kwamba Higgs ina uzito wa takriban protoni 133, lakini husambaratika kabla haijafika popote? Wanafizikia husoma mabaki yake tu.

Kwamba huenda haiko peke yake? Mwaka 1973 T. D. Lee alipendekeza nadharia inayozaa chembe tano za jamii hiyo, Higgs tunayoijua ikiwa mojawapo, na mbili kati yake zikiwa na chaji.

Kwamba makala zipatazo 500 za nadharia ziliwahi kukosa cha kueleza kwa siku moja? Desemba 2015, ATLAS na CMS, timu mbili za majaribio kwenye mashine hiyo ya CERN, zilionyesha jozi za fotoni (chembe za mwanga) zikirundikana kwenye gigaelektronivolti 750, kipimo cha nishati na uzito wa chembe. Wananadharia wakakimbilia kalamu; wengi walisema ni Higgs ya ziada. Kama ilikuwa kweli, rundo lilipaswa kukua kadiri migongano inavyoongezeka. Agosti 2016 data mpya ikatangazwa Chicago, na rundo halikuwepo. Mwezi huohuo wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika walikuwa Kigali kwenye Shule ya Afrika ya Fizikia. Sidhani kama wangepata mhadhara bora kuliko kutoweka huko kwa rundo.

Ndiyo maana ugunduzi hudai sigma tano: uwezekano wa bahati tupu usizidi 1 kati ya milioni 3.5. Ni sawa na kurusha shilingi takriban mara 22 mfululizo na kila mara itue upande ulioutaja.

Kwamba Waafrika nao wana mgombea? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, na wenzao walitoa dhana ya Madala: Higgs nzito ya karibu gigaelektronivolti 270. Ishara nyingine zinanong'ona kwenye 95 na 152. ATLAS na CMS hazijatangaza ugunduzi wowote, na baada ya yale ya 750 nani atazilaumu?

Kwamba kutoka Songambele, Kigali iko karibu kuliko Mwanza? Kigali kuna Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, iliyofunguliwa 2018, inayofundisha fizikia hadi uzamivu.

Kwamba bati, madini yaliyochimbwa Kyerwa tangu enzi za Mwingereza, huchanganywa na niobi kutengeneza sumaku mpya za mashine ya CERN? Zitapoozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, ili protoni zibanwe zaidi na migongano iongezeke.

Na kwamba data halisi za CMS zilianza kutolewa bure mwaka 2014? Kompyuta na intaneti vinatosha kuzichambua, hata ukiwa Songambele.