Kokwa Iliyokwama Kooni: Tiba ya Jadi ya Kichina na Ugonjwa wa Sonona

Makala hii inanuia kueleza jinsi viambato vya mimea inayotumika katika tiba ya jadi ya Kichina vinavyochunguzwa ili kutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyombanduka mtu.

Mswahili aliyelemewa na majonzi husema ameshikwa na fundo kooni. Wachina nao tangu kale hutaja kokwa ya tunda iliyokwama kooni, haimezeki wala haitemeki. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi kati ya karne ya 2 na ya 3, aliiagizia hali hiyo mchemsho wa viambato vitano, vikiwemo tangawizi na gome la mti wa magnolia.

Kutoka gome hilo wanasayansi wametenga kemikali mbili: magnololi na honokioli. Panya anapotumbukizwa katika chombo cha maji asichoweza kutoka, huhangaika kisha hukata tamaa, akaelea tu. Waliopewa kemikali hizo walichelewa kukata tamaa. Aidha, ubongoni mwao iliongezeka serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe baina ya seli za neva.

Hata hivyo, panya si binadamu; kuelea majini si sawa na kuishiwa na hamu ya kuishi. Majaribio mengi yaliyofanyiwa watu ni madogo. Kurkumini ya manjano, kwa mfano, hupunguza uvimbe mwilini, lakini matumbo huifyonza kwa shida. Isitoshe, si kila cha asili ni salama. Mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, ukinywewa pamoja na vidonge vya sonona, waweza kuzidisha serotonini hadi kuhatarisha maisha. Kwa hiyo mgonjwa asiache vidonge, wala asivichanganye na mitishamba, bila kumwarifu daktari wake.

Je, mwanafasihi ana nafasi gani hapa? Tu Youyou, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipata njia ya kutenga dawa ya malaria aliposoma upya maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4. Yalielekeza mmea ulowekwe na kukamuliwa, hayakusema uchemshwe. Akang'amua kwamba joto ndilo lililoiharibu dawa. Kitenzi kimoja, kikisomwa kwa makini, kilifungua mlango. Nasi tuyarekodi maneno ya waganga wetu kwa uangalifu uo huo, kabla hawajaondoka nayo.