Ukitoka Samburu Kwenda Kilimanjaro, Uzunguke Mlima Kwanza

Samburu yetu ya Kwale, ile iliyo kwenye barabara kuu kati ya Maji ya Chumvi na Taru, haina mlima. Ina mbuzi, vumbi, malori ya kwenda bara na jua lisilo na huruma, na iko chini ya mita 400 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko upande wa magharibi, zaidi kidogo ya kilomita 200 angeruka ndege moja kwa moja, lakini kiko mita 5,895 juu. Siku hizi mtu anaweza kupanda basi alfajiri hadi Voi, akakata kushoto kufuata lami ya Taveta, akavuka mpaka Holili na usiku huo akalala Moshi. Kesho yake yuko mlimani. Lami imefupisha safari ya gari, ila mapafu, figo na damu vinafanya kazi kwa mwendo ule ule wa zamani.

Vijana wa Kinango, Diani na Msambweni wanaotaka kupanda huniuliza mambo mawili: kama wataiweza baridi, na wafanye mazoezi gani. Ni maswali mazuri. Koti zito linapatikana kwenye mitumba ya Kongowea, na miguu inaweza kuimarishwa kwa kupanda vilima vya Taita, ambako Vuria ina mita 2,208. Lakini swali linaloamua kama utafika na kurudi mzima ni jingine: utalala wapi usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho? Jibu la swali hilo ndilo linalonifanya niwasihi watu wa Pwani waache njia zinazopanda moja kwa moja, na wachague ile ndefu inayouzunguka mlima kwa upande wa kaskazini.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Hewa ya Samburu na hewa ya Uhuru zina oksijeni kwa kiwango kile kile, karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na iliyo chini hubanwa na yote iliyo juu yake, kama marobota ya mitumba yaliyopangwa ghalani: la chini kabisa ndilo lililoshindiliwa. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyolegea. Pale Uhuru mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa ufukweni Diani, kwa hiyo kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Hata hivyo mlima huu umetupendelea kidogo, kwa sababu uko karibu na Ikweta ambako tabaka la hewa ni nene zaidi. Mlima wa urefu huo huo kule Alaska ungekuwa mkali kuliko huu.

Mwili hujibu mara moja kwa kupumua haraka na kwa kina zaidi. Hapo linazuka tatizo la pili: ukipumua sana unatoa kaboni dioksidi nyingi, damu inapungukiwa na asidi, na ubongo, ukiliona hilo, unaamuru pumzi ipungue. Mwili unavutwa huku na huku. Usiku mtu aliyelala huacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, na mwenzake hemani huingiwa na hofu. Wanaokuja kusuluhisha ugomvi huo ni figo. Kwa muda wa siku chache huondoa bikaboneti kupitia mkojo mpaka damu irudi sawa, na pumzi ikaruhusiwa kwenda kasi inavyohitaji. Ndiyo maana kukojoa mara kwa mara mlimani ni dalili njema. Chembe nyekundu za damu nazo huongezeka, lakini hilo huchukua majuma, na safari nyingi huwa zimekwisha kabla ya hapo. Kinachokufikisha juu, basi, ni pumzi na figo, na figo haziharakishwi kwa mazoezi. Mkimbiaji hodari na mama mwenye duka wana figo za aina moja. Tena kijana mwenye misuli huwa hatarini zaidi, kwa sababu ana nguvu za kwenda haraka kabla mwili wake haujawa tayari.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milima ni nyepesi. Ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kuongeza mwinuko wa kulala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi urudi chini kulala.

Sasa itazame njia ya Marangu kwa kanuni hiyo. Kutoka lango lililo karibu na mita 1,900 unalala Mandara, kama mita 2,700. Usiku wa pili ni Horombo, mita 3,700. Wa tatu ni kibanda cha Kibo, mita 4,700, na usiku huo huo wa manane unaamshwa kwenda kileleni. Ni kuruka mita elfu moja, kisha elfu nyingine, halafu zaidi ya elfu tena. Kwa mtu ambaye siku nne kabla alikuwa akichunga mbuzi Samburu, huo si mpango wa kupanda, ni mtihani wa bahati. Wengi hufika, ndiyo. Wengi pia hurudi wakiwa wameshikwa kwapani. Ukilazimika kupita Marangu, lala Horombo usiku mmoja wa ziada, usikubali kabisa kupunguziwa siku hiyo.

Njia ya mzunguko wa kaskazini huanzia magharibi, upande wa Londorossi, na kwa kawaida huchukua siku nane au tisa, kwa mwendo wa karibu kilomita 90. Usiku wa kwanza ni msituni, kambi ya Mti Mkubwa. Kisha unaingia uwanda wa Shira, ambako usiku mmoja uko karibu na mita 3,500 na mwingine karibu 3,850. Hapa sitaficha kasoro yake: hatua ya kutoka Mti Mkubwa hadi Shira ya kwanza ni kama mita 700, na ndipo maumivu ya kichwa huanza kwa wengi. Baada ya hapo mambo yanatengemaa. Mchana mmoja unapanda hadi Lava Tower, mita 4,600, unakula hapo, kisha unateremka kulala kambi ya Moir, mita 4,200.

Kutoka Moir, umati wa wapandaji hubaki upande wa kusini, nawe unakata kaskazini. Huku ni upande mkavu, kwa kuwa mvua nyingi humwagika kwenye miteremko ya kusini. Majani ni machache, mawe mengi, na watu haba sana. Unalala kambi ya Pofu, karibu mita 4,000, kisha Pango la Tatu, karibu 3,900. Chini yako mkono wa kushoto ni Kenya yote, nyanda za Amboseli na vilima vya Chyulu vikififia mbali. Usiku hesabu taa za Loitokitok. Mtu wa Kwale anayeuona mlima huu kama mali ya watalii wa nchi za mbali hubadilika akitazama nchi yake kutoka pale.

Lakini uzuri si hoja yangu kuu. Hoja ni kwamba siku hizo za kuzunguka umekuwa ukilala kati ya mita 3,850 na 4,200, usiku baada ya usiku, bila kupanda. Anayetazama ramani hudhani unapoteza muda ukitembea pembeni wakati kilele kipo pale pale juu ya bega lako. Figo zinafanya kazi yake wakati huo. Ukifika School Hut, karibu mita 4,750, kwa ajili ya usiku wa kilele, mwili wako si ule ulioingia langoni.

Wenzetu wa Himalaya walilijua hili zamani kwa machungu. Kwenye mzunguko wa Annapurna kule Nepali, wasafiri husimama Manang, mita 3,540, wapumzike kabla ya kuvuka njia ya Thorong La yenye mita 5,416. Chama cha uokoaji cha Himalaya, kilichoundwa mwaka 1973, kina kituo cha madaktari hapo hapo Manang, na wageni huelezwa dalili za hatari kabla hawajaendelea. Uhuru iko karibu mita 500 juu ya Thorong La, nasi tunataka kuifikia kwa siku tano kutoka baharini.

Historia ya ukanda wetu inafundisha vivyo hivyo. Misafara ya zamani ya kwenda Chagga ilitoka Mombasa na Rabai ikavuka nyika ya Taru, nchi hii hii yetu. Kwa njia za nyika Johannes Rebmann alisafiri kutoka Rabai, akiongozwa na Bwana Kheri, hata akaiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848. Mwaka 1889 Hans Meyer aliyeshindwa mwaka 1887 alirudi, na tarehe 6 Oktoba akafika kilele pamoja na Ludwig Purtscheller. Kilichobadilika ni mpangilio: safari hii alikuwa na kambi za kudumu juu mlimani, zikiletewa chakula mara kwa mara na wapagazi kutoka Marangu, kwa hiyo hawakulazimika kukimbilia juu na kukimbia kurudi. Katika kambi ya juu, yapata mita 4,300, alibaki nao Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mswahili wa pwani aliishi kwenye baridi ile kwa siku nyingi, akipika na kutunza kambi. Atakayesema watu wa bahari hawakuumbiwa milima, akumbushwe jina hilo. Wala tusidhani kwamba kutembea kwa miguu kuvuka Taru kulimzoesha. Nyika hukomaza miguu tu. Mwili hauanzi kuzoea mwinuko mpaka uwe umepanda kama mita 1,500 na kuendelea.

Yapo mambo mawili ambayo vitabu vya wageni haviyatilii mkazo, nasi yanatuhusu sana. La kwanza ni malaria. Ugonjwa wa mwinuko huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya kula. Malaria nayo huanza hivyo hivyo, na vimelea ulivyoambukizwa nyumbani vinaweza kujitokeza wiki moja au mbili baadaye, ukiwa Shira. Homa kali na kutetemeka si kawaida ya ugonjwa wa mwinuko; ukiviona, fikiria malaria, na uteremke. Pima kabla ya kuondoka, beba kipimo cha haraka na dawa.

La pili ni selimundu, ambayo katika pwani yetu si nadra. Mwenye ugonjwa huo asipande kabisa. Hata aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuugua, anaweza kupatwa na maumivu makali ubavuni kushoto akiwa juu, kwa sababu chembe za damu zinaziba mishipa ya wengu. Wengi hawajijui. Kipimo chake ni cha damu na kinafanyika hospitalini, kifanye mapema.

Kuhusu dawa, acetazolamide, inayouzwa kwa jina la Diamox, husaidia figo kutoa ile bikaboneti, yaani huharakisha kazi iliyokwisha kuanza. Vidole vitawasha kama vyenye ganzi, na soda itapoteza ladha. Aliyewahi kudhurika na Septrin au Fansidar amwambie daktari kwanza, kwa sababu dawa hizi zina undugu. Wala isigeuzwe ruhusa ya kukimbia. Kile kipimo cha kidole tulichokizoea wakati wa Korona kinasaidia, lakini vidole baridi hukipotosha, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingine huonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Mtazame mtu kabla ya kutazama namba.

Mtazame hivi. Mwenye kichwa kinachouma abaki pale pale mpaka kipoe. Anayehema hata akiwa ameketi, mwenye kikohozi chenye povu, mapafu yake yanajaa maji. Anayeongea ovyo, au asiyeweza kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kikigusa kidole, ubongo wake unavimba. Hawa wawili hawasubiri asubuhi. Wanateremshwa usiku huo huo, angalau mita 500 hadi 1,000, na kamwe wasiteremke peke yao. Macho hayo hayo yawatazame wapagazi, ambao huficha maumivu wasije wakapoteza kibarua. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20. Simama uone ukipimwa.

Watu hukimbilia njia fupi kwa sababu hifadhi hutoza kwa siku. Hoja hiyo ina uzito kwa mgeni wa Ulaya. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana, kwa hiyo siku mbili za ziada ni chakula na ujira wa wapagazi zaidi kuliko ada ya hifadhi. Changeni kama kikundi, mpange Januari na Februari au kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimetulia.

Ukisharudi Samburu utajisikia mwepesi siku chache, ukipanda hata ngazi za ghorofa bila kuhema. Ndani ya majuma machache mwili utakuwa umesahau yote. Mwaka ujao ukitaka kupanda tena, utaanza upya kuhesabu usiku wa kwanza Mti Mkubwa.