Nduthi Mzee ya Safari: Kabla Upake Rangi, Doo Yako Iende Hapa Kwanza

Umeskia kuna msee anauza Yamaha XT600 ama Honda Transalp ya miaka ya 90. Imekaa kwa stoo, imejaa vumbi, lakini bado iko na ile sura ya kutoka Nakuru asubuhi na kufika Baringo kabla lunch. Kwa kichwa yako ushapiga picha Mogotio, pale kwa laini ya ikweta. Poa sana. Lakini tuliza boli kwanza, juu hizi manduthi humeza pesa ya mtu pole pole, na wengi hukwama juu walianza na rangi wakasahau breki.

1. Karatasi kabla ya injini

Usitume hata shilingi kabla hujalinganisha namba ya chesesi na ya injini na ile iko kwa logbook. Zisipofanana, hapo unanunua kesi. Fanya search ya NTSA kupitia eCitizen, uhakikishe jina ni la huyo anakuuzia, na yeye aanzishe transfer kwa akaunti yake mkiwa pamoja. "Nitakufanyia wiki ijayo" ni hadithi. Na kama baadaye utabadilisha injini ama rangi, rekodi pia ibadilishwe, usije ukaaibishwa na makarau kwa roadblock.

2. Spea za boda hazitakuokoa

Tao imejaa spea za Boxer na TVS, ndio maana watu hudhani kila kitu itapatikana. Zii. Boda nyingi hutumia cheni ya saizi 428. XT600 inataka 520, na Transalp 525. Tairi ya mbele ya hizi nduthi ni inchi 21, na duka nyingi za mtaa hazina. Kwa hivyo kabla ununue, andika list: tairi, cheni na sproketi, brake pads, kebo ya klachi, filta. Pigia wauzaji wa Nairobi simu, uulize bei na itachukua muda gani kufika. Jumlisha. Hiyo ndiyo bei halisi ya nduthi yako, si ile umeambiwa na muuzaji.

Ukicheki tairi, tafuta namba nne pembeni. 2319 inamaanisha ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi ya zamani inaweza kuwa na meno yote na bado raba imekauka kama jiwe. Mvua ikinyesha, hiyo inakuangusha.

3. Breki: fikiria Salgaa

Unajua ule mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa. Tarehe 31 Desemba 2017 ajali moja tu ya basi na lori hapo Migaa iliua watu zaidi ya 30. Barabara iligawanywa katikati baadaye, lakini mteremko bado ni ule ule.

Brake fluid hunyonya maji kutoka kwa hewa. Ikikaa miaka, maji inakuwa mingi, na ukishika breki kwa mteremko mrefu inachemka. Mapovu yakiingia, unafinya na hakuna kitu inashika. Kwa hivyo mwaga yote, weka DOT 4 mpya, na urudie kila miaka miwili. Paipu za raba zikiwa na nyufa, toa. Na ukishuka, weka gia ya chini injini ikusaidie kushika.

4. Kabureta na hii milima yetu

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, karibu moja kwa tano chini ya ile ya Mombasa. Nduthi iliyosetiwa kwa nchi tambarare itapata petroli nyingi kuliko hewa, na ukipanda Timboroa itazidi kukohoa. Toa plagi uangalie: nyeusi na masizi, petroli ni mob, kahawia, uko sawa, nyeupe, petroli ni kidogo na injini inachomeka.

Usikubali fundi akuwekee jeti ndogo sana ndio ikimbie Timboroa. Ukishuka Marigat, mita kama 1,000 tu na jua ya kukaanga mayai, hiyo injini itateseka. Osha kabureta vizuri, badilisha raba zake, halafu iset kwa Nakuru, katikati.

5. Waya, halafu ndio taa

Kila mtu anataka taa za kuamsha kijiji. Pima kwanza. Injini ikizunguka vizuri, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regulata inaua betri. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, na dainamo ya hizi nduthi ni ndogo. Chukua LED, weka fyuzi na rilei.

6. Sasa modifai

Keria ya jua kali ni kitu safi, bora fundi aifunge kwa bolti, si kuichomelea kwa fremu. Akitaka kuchomelea chochote, toa waya za betri kwanza na uchomoe CDI; stima ya welding inaweza kuichoma, na kupata ingine si mchezo. Mzigo ukae chini na mbele kidogo, si juu ya taa ya nyuma. Na hiyo fashoni ya kukata mkia ndio ikae scrambler? Hiyo chuma ndio inabeba abiria na mzigo. Ukiikata, umeua nduthi ya safari.

Ukimaliza, usiende Turkana moja kwa moja. Piga Naivasha na kurudi, spana kwa begi, halafu kaza kila bolti upya. Ikirudi bila kuvuja, panda Nyahururu. Rangi? Hiyo utapaka na change itakayobaki.