Juu ya Woga wa Kupanda Ndege

Ndugu mmoja padri aliniandikia barua akiuliza: «Je, padri anayeogopa ndege amepungukiwa imani?» Akaongeza ya kuwa amekwisha kukataa safari mbili, na kila mara alimwambia askofu wake kwamba ana kazi nyingi parokiani. Niliposoma nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi nami nimepita njia hiyohiyo. Basi namjibu hapa, ili wafratri na makatekista wapate kusikia nao. Barabara zetu nyingi zimeharibika, na hata katekista wa kijijini aweza siku moja kuambiwa: kesho utapanda ndege.

Nilikuwa nikikaa karibu na Base ya Kamina, nikiwasaidia wakristu wa huko, wengi wao jamaa za askari. Siku moja ilinifikia habari kwamba baba yangu mzazi amefariki Lubumbashi. Ndege ndogo ilikuwa tayari kuruka kesho yake asubuhi, nami nikapewa kiti. Usiku ule sikulala, wala si kwa kilio tu. Kila nilipowaza mlango wa ndege ukifungwa nyuma yangu, mikono ilitoka jasho na moyo ulipiga kama ngoma. Kulipokucha nikasema kiti apewe mwingine, mimi nitakwenda kwa gari la moshi. Gari la moshi likasimama njiani, likaenda, likasimama tena. Nilifika siku ya nne, kaburi limekwisha kufunikwa. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nilikuwa mgonjwa. Nikajibu: ndiyo. Jibu lile lilinisumbua baadaye kuliko woga wenyewe.

Tuanze basi na swali la ndugu yetu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino ahesabu woga katika zile passiones, yaani miendo ya moyo ambayo mtu haichagui. Mwendo huo wenyewe si dhambi. Huwa dhambi pale mtu anapoufuata kinyume cha akili, akaacha kwa ajili yake jambo alilopaswa kulitenda. Bwana wetu mwenyewe alishikwa na hofu katika bustani ya Getsemani, Marko haoni haya kuliandika. Kwa hiyo padri anayetetemeka kiwanjani hana la kuungama kwa kutetemeka kwake. La kuungama ni zile «kazi nyingi parokiani» kama hazikuwapo, nami ni ule ugonjwa wangu niliomwambia mama.

Lakini watu wengine hutaka kumfariji mwenye woga kwa kumwambia ya kwamba hakuna hatari yoyote. Huko si kumfariji, ni kumdanganya, na mtu wa Kongo hadanganyiki hapo. Mwezi wa Januari 1996, kule Kinshasa, ndege ya Antonov iliyobeba mzigo kupita kiasi ilishindwa kupaa kutoka kiwanja cha N'dolo, ikaingia sokoni na kuua watu zaidi ya mia mbili. Mwezi wa Mei 2003, ndege ya Ilyushin iliyotoka Kinshasa kuja kwetu Lubumbashi ilifunguka mlango wake wa nyuma ikiwa angani, na watu wengi wakavutwa nje. Mwezi wa Aprili 2008, kule Goma, ndege ilipita mwisho wa njia yake ikaangukia nyumba za Birere, na njia ile ilikuwa imefupishwa na moto wa mlima Nyiragongo tangu 2002. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza makampuni ya ndege ya nchi yetu kuruka katika anga yake. Mwenye kujua hayo akaogopa, akili yake inafanya kazi.

Tazameni vema lakini mambo hayo matatu. Mzigo uliozidi, mlango, njia fupi: kila moja lina sababu yake. Na sababu nyingine mtu aweza kuziuliza angali na miguu chini. Je, watu wamezidi viti? Je, mzigo umefungwa, au umerundikwa tu katikati ya watu? Je, mawingu meusi yamesimama kule tunakokwenda? Sisi wa Katanga tunajua kwamba wakati wa mvua ngurumo hupenda kuja mchana baada ya jua kukaza. Heri basi kuruka asubuhi. Akiona mambo yamekwenda ovyo, padri ana haki ya kurudisha tiketi na kukaa nyumbani. Hiyo ni busara, na asione haya.

Hapa Mtakatifu Paulo ni mwalimu mzuri kuliko mimi. Someni Matendo ya Mitume sura ya 27. Kabla ya kutweka, Paulo aliwaonya kwamba safari ile itakuwa na hasara; jemadari hakumsikia, alimsikia nahodha na mwenye merikebu. Dhoruba ikaja. Sasa Paulo yule yule, aliyekuwa akionya, hakudumu katika kueleza ubaya wa safari. Siku ya kumi na nne aliwasihi wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala. Nao watu 276 wakapata moyo wakala vilevile. Woga una nyakati mbili. Kabla ya mlango kufungwa una maswali, na maswali yajibiwe. Mlango ukisha kufungwa hauna swali tena, umebaki mwilini tu, na mwili wahitaji kutunzwa kwa namna nyingine.

Namna hiyo ni nini? Mimi nilijifunza kwa kuitazama ile Base.

Wabelgiji walianza kuijenga baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1949, nje ya mji wa Kamina. Ndiyo wengi huiita BAKA mpaka leo. Watu huikumbuka zaidi kwa mambo ya vita: ndege za ONU katika shida za Katanga, na usiku ule wa Novemba 1964 ambapo makomando wa Kibelgiji waliondoka hapo kwenda kuruka kwa parashuti juu ya Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Lakini katika miaka ya 1950 Base ilikuwa kwanza shule. Vijana wa jeshi la anga la Ubelgiji walikuja kujifunza kuendesha ndege katika anga yetu iliyo wazi, kwa ndege za Harvard, ambamo mwalimu na mwanafunzi huketi mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna aliyeachiwa ndege siku ya kwanza. Na shule za parashuti ni vivyo hivyo: askari huanza kwa kujitupa chini kutoka mahali pafupi, halafu mnarani, halafu ndipo angani. Wakubwa wa jeshi walijua kwamba mwili wa mwanadamu haufundishwi kwa hotuba. Unafundishwa kidogo kidogo, mpaka uzoee.

Kinyume chake pia ni kweli. Kila mara nilipokataa ndege, moyo ulitulia saa ileile, na utulivu ule ndio uliokuwa ukiulisha woga. Mwili hujisemea: nilikimbia, ndiyo maana sikufa. Safari ifuatayo woga umenenepa.

Basi nilimwomba askari mmoja fundi wa moteri aniruhusu kuingia katika ndege iliyosimama. Niliketi. Siku nyingine niliketi na mlango umefungwa, mpaka moyo ukachoka kupiga mbio wenyewe. Naye fundi akanieleza mambo ambayo hakuna aliyepata kunieleza katika miaka yote ya seminari, ingawa fizika tulisoma! Ndege haining'inii hewani kama chungu juu ya kamba. Bawa lake husukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu, maadamu ndege inakwenda mbele. Moteri ikizimika, ndege haianguki kama jiwe, huteleza. Ndege kubwa ya abiria iliyo juu sana yaweza kuteleza zaidi ya kilometa mia moja. Kutikisika angani ni kama barabara yenye mashimo: hewa ya joto inapanda, ya baridi inashuka, nayo ndege hupita juu yao. Bawa likipinda msishangae, limefanywa lipinde. Mabawa ya ndege za abiria hujaribiwa kwa uzito mara moja na nusu kuliko ule mkubwa unaotazamiwa katika safari. Na ule mlio unaopungua dakika chache baada ya kuruka, ambao mwenye woga husema «moteri imekufa», ni piloti amepunguza nguvu tu kwa sababu ndege imekwisha kupaa. Ule mshindo chini ya miguu ni magurudumu yanaingia tumboni.

Sasa mwili. Mwenye woga hupumua mbio na kwa juu juu, kisha kichwa chazunguka na vidole vyachoma, naye hudhani anakufa. Avute pumzi taratibu kwa pua, aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta. Alegeze mikono, asiukamate mti wa kiti kama mtu azamaye. Asinywe pombe kujipa moyo. Na kama ana kiti cha kuchagua, achague karibu na mabawa, huko hutikisika kidogo kuliko nyuma.

Rozari nayo? Mwaka 2001 waganga wa Italia, mmoja wao Luciano Bernardi wa Pavia, waliandika katika gazeti la waganga la Uingereza kwamba waliwapima watu 23 wakisali Ave Maria kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka zikawa karibu sita kwa dakika, na moyo ukaenda kwa utaratibu mzuri. Bibi zetu hawakungoja kupimwa. Lakini tuangalie: Rozari ni sala, si dawa, wala medali ya Bikira Maria si hirizi ya kuzuia ajali. Papa Benedikto XV alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa warukao angani mwaka 1920, na Rituale ina baraka ya ndege. Padri abariki ndege kwa furaha, kisha amwache fundi akaze misumari yake.

Kwako ndugu uliyeniandikia: nenda kwa baba askofu umwambie wazi, «Naogopa». Sidhani atakucheka. Omba safari fupi kwanza, pamoja na mwenzio aliyezoea, na umwambie mwenzio asikuchekeshe wala asikuhubirie, akae karibu tu.

Mimi niliruka mwaka uliofuata, kutoka Base mpaka Lubumbashi, asubuhi ya kiangazi. Niliogopa robo saa ya kwanza, na tena wakati wa kushuka. Katikati nilitazama nje nikaona reli ikipita msituni kama uzi. Nilipofika nilimweleza mama kweli yote juu ya mazishi yale. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka mpaka akafuta macho. Akasema marehemu baba hakupanda mtumbwi hata mara moja maisha yake yote, na kila alipoalikwa ng'ambo ya Lualaba alikuwa akisema ana kazi nyingi shambani.