Ndigana baridi si ndigana kali: usichome sindano kwa kubahatisha

Mvua zikianza hapa Mwese, simu zinazonijia zinafanana: "Afisa, ng'ombe hali, ana homa, nimchome OTC?" Vijana wenzangu, kwanza tujue ni ndigana ipi, maana ukikosea dawa unapoteza hela na ng'ombe pia.

Ndigana kali huletwa na protozoa, na msambazaji ni kupe wa kahawia anayependa masikio. Shika chini ya sikio na mbele ya bega: mitoki imevimba. Baadaye mnyama anahema kwa shida. Hapa OTC peke yake haiponyi. Tafuta dawa iliyoandikwa buparvaquone kwenye chupa, na uiwahi.

Ndigana baridi ni ya bakteria wanaoshambulia chembe nyekundu za damu. Kupe wa bluu ndiye msambazaji mkubwa, ila hata sindano moja ukiitumia kwa kundi zima inaeneza. Funua mdomo uangalie ufizi: umepauka, au umekuwa wa njano. Kinyesi kikavu, mkojo hauna damu. Huu unaumiza zaidi ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Kwa hiyo dume uliyemnunua mnadani kwa ajili ya kunenepesha, kama katoka sehemu isiyo na kupe wengi, mchunguze kila siku kwa miezi miwili ya mwanzo.

Hapa OTC inafanya kazi. Ile ya asilimia 20 ni ml 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Dume wa kilo 250 anapata ml 25, zigawe sehemu tatu za msuli. Usimswage mbali, damu imepungua, anaweza kuanguka akafa njiani.

Mbuzi na kondoo je? Wakizunguka ovyo, wakanyanyua miguu juu wakitembea, kisha wakaanguka wakipiga mateke, hofia maji moyo. Nayo ni ya bakteria wa kupe, lakini OTC husaidia ikiwahi tu, siku ile homa inapoanza.

Kinga ni kuogesha: kila wiki wakati wa mvua, kila wiki mbili kiangazi, na dawa ichanganywe kwa kipimo cha lebo. Nunua kipimajoto. Ng'ombe akizidi nyuzi 39.5, shika mitoki, angalia ufizi, halafu ndiyo unipigie. Nikijua hayo matatu, nakuja na dawa sahihi.