Muuguzi wa Skuli: Je, Matroni Hatoshi?



Shukrani zote Anastahiki Allaah, na Swalah na salaam zimfikie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Ama ba'd:

Mzazi mmoja wa Kikatiti, njia ya Arusha kwenda Moshi, ameuliza. Binti yake ana pumu na anasoma skuli ya bweni. Dawa zake huziweka matroni, mama mwema lakini hakusomea uuguzi. Usiku mmoja mtoto alibanwa na kifua, akapewa vidonge vya mafua hadi asubuhi. Alhamdulillaah alipona. Sasa baadhi ya wazazi wanataka aajiriwe muuguzi, wengine wanasema ni gharama bure. Ipi hukumu?

Jibu: Imepokewa katika Sunan za Abu Daawuud, An-Nasaaiy na Ibn Maajah kwamba mwenye kutibu watu naye hajulikani kwa utabibu, basi hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Nia njema ya matroni haimwondolei dhamana hiyo, wala uongozi uliomkabidhi kazi asiyoisomea hauwezi kujivua lawama. Hapa Tanzania muuguzi husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya 2010. Leseni ndiyo ushahidi kuwa anajulikana kwa fani yake, wazazi waiulizie.

Wengine hudhani kazi yake ni kufunga vidonda na kugawa panadoli. Sivyo. Humfuatilia mtoto mwenye pumu, kisukari au selimundu, na hujua saa ya kumkimbiza hospitali. Huwaelimisha wazazi juu ya chanjo, kama ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi inayotolewa kwa wasichana nchini tangu 2018. Na kwa kuwa maji mengi ya pande za Meru yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, yeye ndiye wa kuuliza watoto wanakunywa maji gani. Meno yakishatoka na madoa ya kahawia, umeshachelewa.

Mwaka 1902 mjini New York, watoto wagonjwa walikuwa wakirudishwa nyumbani na kubaki bila tiba. Muuguzi Lina Rogers alipopangiwa skuli nne, aliwatibu na kuwafuata majumbani, wakarudi darasani.

Nasi tuna asili yake: Rufaydah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) aliwauguza majeruhi katika hema Msikitini Madiynah.

Adabu zake ni hizi: wasichana wauguzwe na mwanamke. Akikosekana, dharura humruhusu mwanamume, asikae nao faragha wala asitazame zaidi ya panapohitajika. Siri ya mgonjwa ni amana, ila mtoto akidhuriwa na mtu, kunyamaza ni khiyana.

Ama mshahara, usitolewe katika Zaka, kwani ina watu wake wanane waliotajwa katika Suuratut-Tawbah. Utoke katika ada, sadaka au waqfu. Skuli zisizoweza peke yao zishirikiane muuguzi mmoja, na matroni afunzwe huduma ya kwanza na namna ya kumwita kwa haraka.

Wa Allaahu A'lam.